Kidonge cha vitamini D na tumbo linalojaa: kosa ni la nani?



Kuko swali moja limefika kwenye simu yangu mara tatu mwezi huu, na kwa kuwa wanaouliza ni wenzetu waliosoma, nimeona heri niandike jibu moja refu kuliko kumjibu kila mtu nusunusu. Linakuja hivi: «Kaka agronomu, tangu nianze ile vitamini D, tumbo inajaa, njaa inapotea, choo inakauka. Ni ile dawa? Niache ao niendelee?» Kwa nini wanamuuliza mtu wa kilimo na si munganga, hiyo tunaijua wote: kwetu mtu akipata lisansi ya mimea anageuka mtaalamu wa kila kitu kinachopita kinywani. Basi nitaongea kwa upande ninaoufahamu, yaani vitamini, chakula, mifupa na wanyama. Dozi yako wewe binafsi inabaki kazi ya munganga anayekuona kwa macho.

Jibu fupi: kwa dozi ya kawaida, vitamini D yenyewe ni mara chache isumbue tumbo. Mara nyingi kosa ni la kitu kilichofungwa pamoja nayo ndani ya kidonge kimoja, ao la namna ya kuimeza, ao la ugonjwa wa tumbo uliokuwa pale mbele ya dawa kuingia. Lakini dozi ikiwa kubwa kupita kiasi, tumbo njo linapiga kengele ya kwanza ya sumu. Dalili za upande huu na za upande ule zinafanana sana. Huyu anatupa dawa iliyokuwa inamsaidia, yule anaendelea kunywa kitu kinachoharibu figo zake huku anajipa moyo ya kuwa ni gesi tu. Njo maana nimeona jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana.

Tuanze na kazi yenyewe ya vitamini D. Kubwa kuliko zote ni kufungua mlango wa kalsiamu kwenye utumbo. Mwili ukikosa vitamini D, utumbo unachukua kama asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu unayokula. Ukiwa nayo ya kutosha, unachukua asilimia 30 hadi 40. Kwa hiyo mtoto anaweza kula vizuri na mifupa yake ikabaki laini, miguu ikapinda, ugonjwa ule tunaita rikets. Mtu mzima naye mifupa inamuuma na misuli inalegea.

Sehemu kubwa ya vitamini hiyo tunaitengeneza sisi wenyewe. Ndani ya ngozi kuko kitu kinachofanana na kolesteroli. Miale ya jua aina ya UVB ikikigonga, kinaanza kugeuka vitamini D3. Ini linaiongezea kipande, figo zinaiongezea kingine, ndipo inapata nguvu ya kufanya kazi. Rumangabo iko digrii moja na kitu tu kusini ya ikweta, na iko juu, kwa hiyo UVB tunayo mwaka mzima. Kipimo rahisi ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, ile miale inafika. Kikiwa kirefu, asubuhi sana ao jioni, jua linakupa joto lakini vitamini ni kidogo. Na kioo cha dirisha kinazuia karibu UVB yote, kwa hiyo kukaa ofisini karibu na dirisha hakuhesabiki. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, ila inafanya kazi ileile.

Sasa sikilizeni hapa, ju hapa njo kuna ufunguo wa habari yote. Mtu hawezi kupata sumu ya vitamini D kwa jua. Mlinzi wa mbuga ya Virunga anayetembea kutwa nzima chini ya Mikeno, mama anayepalilia maharagwe toka asubuhi hadi saa tisa, hawa wote ngozi yao inafika kiasi fulani kisha jua lenyewe linavunja ile ziada na kuigeuza vitu visivyo na nguvu. Ngozi ina mlango unaojifunga. Kidonge hakina mlango huo. Kinachomezwa kinaingia, na kwa kuwa ni vitamini ya mafuta, haitoki kwa mkojo upesi kama vitamini C. Inajiweka ndani ya mafuta ya mwili na kukaa wiki nyingi, hata miezi.

Turudi kwa tumbo, tuanze na kesi nyepesi, ambazo ni nyingi.

Chukua boxi uliyonunua, usome nyuma. Mara nyingi utaona haikuandikwa vitamini D peke yake. Imeandikwa kalsiamu na D3. Na ile kalsiamu kwa kawaida ni kabonati ya kalsiamu. Wenzangu wa agronomia hapo mmeshacheka: ni chokaa, ileile tunayoweka kwenye udongo wenye asidi. Kabonati ikikutana na asidi inatoa gesi ya kaboni. Tumemwaga asidi juu ya chokaa kwenye labo tukaona povu. Ndani ya tumbo, lenye asidi kali, kinachotokea ni kilekile. Kidonge cha kabonati miligramu 1,250 kina kalsiamu miligramu 500, na hiyo iliyobaki ndiyo inakuletea mibweu na tumbo kujaa kama ngoma. Kisha kalsiamu ileile inakausha choo. Mtu anasema «vitamini D inanifunga choo», kumbe vitamini D haina hatia, mwenye hatia ni jirani yake wa ndani ya kidonge.

Dawa ya hilo si ngumu. Kabonati inamezwa pamoja na chakula, na kama munganga amekubali dozi kubwa, inagawanywa mara mbili kwa siku, maana utumbo wenyewe hauchukui vizuri kalsiamu nyingi kwa mara moja. Kuna kalsiamu nyingine, ya sitrati, isiyodai asidi nyingi. Inawafaa hasa wale wanaokunywa omeprazoli kila siku, kwa sababu omeprazoli inazima asidi na kabonati inabaki pale haikuyeyuka vizuri. Na ukiwa unakunywa doksisiklini ao siprofloksasini, usimeze kalsiamu kwa saa ileile. Kalsiamu inaikamata ile antibiotiki ndani ya tumbo na zote mbili zinatoka bure.

Boxi zingine zina chuma ndani, zile «multivitamini» za wajawazito na za watu wa damu kidogo. Chuma kinajulikana kwa kichefuchefu, maumivu ya tumbo na choo cheusi. Hapo tena D inasingiziwa.

Halafu kuko namna ya kumeza. Vidonge laini vyenye mafuta ndani, watu wengi wanavimeza asubuhi na chai kavu, tumbo tupu, wanakimbia kazini. Baadaye mafuta yanapanda kooni na kiungulia kinaanza. Vitamini D inataka chakula chenye mafuta kidogo ili iingie vizuri: sombe yenye mawese, yai, parachichi, samaki. Kumeza wakati wa chakula kikubwa cha siku kunapunguza kero ya tumbo na papo hapo kunaongeza faida.

Na kuko wale ambao tumbo lao lilikuwa gonjwa toka zamani. Bakteria *Helicobacter pylori*, ile iliyowapa Barry Marshall na Robin Warren tuzo ya Nobel mwaka 2005, imeenea sana katika nchi zetu, na ndiyo moja ya sababu kubwa za vidonda vya tumbo. Ongeza ibuprofeni na diklofenaki tunazonunua kama pipi kwa ajili ya mgongo. Mtu wa namna hiyo akianza dawa yoyote, hata maji ya baraka, tumbo litaongea. Ukiona choo cheusi kama lami na haunywi chuma, ao unatapika damu, ao unakonda bila sababu, habari ya vitamini iache, nenda hospitali siku ileile.

Hayo yalikuwa mepesi. Sasa upande mzito.

Mmoja kati ya wale watatu walioniandikia ni dada tuliyesoma naye auditwari moja. Mama yake mzazi anaishi upande wa Kiwanja, ana zaidi ya miaka sitini, ana shinikizo la damu na anakunywa hidroklorotiazidi kila asubuhi. Magoti yalikuwa yanamuuma. Kwenye farmasi moja wakamuuzia ampuli za vitamini D za kunywa, UI 100,000 kila moja, pamoja na kalsiamu. Hakuna aliyemweleza kitu. Mama, kwa kuwa anazifahamu zile ampuli tamu za «nguvu» ambazo watu wanakunywa moja kwa siku, akaona kunywa moja kila Jumapili ni kujizuia sana. Wiki nane zikapita. Njaa ikaisha, choo kikawa cha siku nne mara moja, kisha kusikia kutapika, kisha kiu na kuamka usiku mara tano kukojoa. Nyumbani wakasema ni gastriti, wakanunua omeprazoli na dawa ya kutuliza asidi. Ile dawa ya asidi, nilipoomba picha ya boxi, nayo ilikuwa kabonati ya kalsiamu! Walikuwa wanazima moto kwa petroli.

Tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo ingemuokoa mama huyu. Yuniti za vitamini D zinaandikwa UI kwenye boxi za Kifaransa na IU kwenye boxi za Kiingereza zinazotufikia toka Uganda na Kenya. Ni kitu kimoja. Pengine wanaandika mikrogramu: mikrogramu 1 ni UI 40. Mtu mzima anahitaji kama UI 600 kwa siku, na akipita miaka 70, UI 800. Dari ambayo mtu mzima asipite kwa siku bila munganga kumfuata kwa karibu ni UI 4,000. Ampuli ya 100,000 haikutengenezwa kwa kila siku wala kila wiki. Kwa mtu mzima mara nyingi inatolewa moja kwa miezi mitatu hivi. Gawanya 100,000 kwa siku 90: unapata kama UI 1,100 kwa siku, kitu cha kawaida kabisa. Gawanya kwa siku 7: unapata zaidi ya 14,000 kwa siku, mara tatu na nusu ya ile dari. Na kama mtu angekunywa moja kila siku, ingekuwa mara 25.

Kwa mama yule kulikuwa na jambo lingine lililozidisha. Hidroklorotiazidi, ile dawa yake ya shinikizo, inazuia figo kutoa kalsiamu kwa mkojo. Kwa hiyo vitamini D ilifungua mlango wa kuingia, vidonge vya kalsiamu vikaleta mzigo, dawa ya shinikizo ikafunga mlango wa kutoka. Kila dawa peke yake ni nzuri. Zimekutana ndani ya mwili mmoja na hakuna mtu aliyeziangalia zote tatu pamoja.

Kwa nini tumbo linakuwa la kwanza kulalamika? Kalsiamu ikizidi kwenye damu, misuli na mishipa ya fahamu inakuwa mizito kuitika. Utumbo ni bomba la misuli. Ukilegea, chakula kinatembea polepole, tumbo linajaa, choo kinakauka, njaa inapotea, kutapika kunakuja. Figo nazo zinashindwa kushika maji, mtu anakojoa sana, anakauka, anasikia kiu. Akikauka, kalsiamu inakolea zaidi katika damu, na mzunguko unaendelea. Baadaye yanakuja mawe ya figo, kuchanganyikiwa, na moyo kupiga vibaya. Kwa hiyo alama inayotofautisha gesi ya kawaida na sumu ni kiu na mkojo. Gesi ya kabonati haikuamshi mara tano usiku.

Mama alipelekwa Goma, wakapima kalsiamu ya damu wakaikuta juu, wakamwekea maji ya mshipa na kusimamisha zile dawa. Anaendelea vizuri, ingawa ilimchukua wiki nyingi kurudia sahani yake ya kawaida, ju ile vitamini iliyojificha kwenye mafuta haitoki kwa siku mbili.

Msifikiri ni ujinga wa kijijini. Mwaka 2022 waganga wa Uingereza waliandika habari ya mwanaume aliyekuwa anameza zaidi ya aina 20 za vidonge vya «kuongeza afya», kati yake vitamini D UI 150,000 kila siku. Alianza kutapika, tumbo kumuuma, kinywa kukauka, miguu kukakamaa, akakonda kilo 12.7, na dalili ziliendelea hata nyuma ya kuacha kila kitu. Marekani, kwenye eneo la Boston, kiwanda kimoja cha maziwa kilikosea kuweka vitamini D kati ya 1985 na 1991. Sheria ilitaka UI 400 kwa chombo cha karibu lita moja, sampuli moja ikakutwa na zaidi ya 200,000. Watu wanane wa kwanza walioandikwa katika jarida la waganga mwaka 1992 walikuwa wamekunywa tu maziwa ya nyumbani.

Sisi wa kilimo tulipaswa kuwa wa kwanza kusema haya, maana kwa wanyama yanajulikana toka zamani. Sumu fulani ya panya inayouzwa tangu miaka ya 1980 si kitu kingine, ni vitamini D3 yenyewe: panya anaacha kula, kalsiamu inapanda, anakufa nyuma ya siku chache. Argentina kuna mmea wa jamii ya nyanya na mbilingani, *Solanum glaucophyllum*, wenye vitamini D iliyokwisha kupata nguvu ndani ya majani. Ng'ombe wakiula wanakonda, wanatembea kwa shida, na mishipa yao ya damu inakutwa imekakamaa kwa kalsiamu. Wafugaji wa kule wanaita ugonjwa huo «enteque seco».

Na hapa niseme jambo kwa sauti, ju nimeliona kwa macho yangu kwa wafugaji wa kuku: ile chupa ya AD3E ya veterineri si ya mtu. Vitamini D kuku wanahitaji, hasa wanaofugwa ndani. Bila hiyo miguu inalegea na maganda ya mayai yanakuwa kama karatasi. Lakini kuko chupa zenye UI 100,000 za D3 ndani ya mililita moja, pamoja na vitamini A nyingi ambayo kwa mjamzito inaweza kuharibu mtoto tumboni. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Hesabu wewe mwenyewe.

Basi wengine watauliza: kama ni hivyo, tunaihitaji kweli? Inategemea wewe ni nani na unaishi vipi. Watafiti walipima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoshinda nje, na matokeo yao yaliyotoka mwaka 2012 yalionyesha wastani wa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya ile 50 ambayo wengi wanaichukua kama mpaka wa upungufu. Hawakunywa kidonge hata kimoja. Lakini mwaka 2020 Reagan Mogire na wenzake, kutoka Kilifi, Kenya, walikusanya tafiti za Afrika nzima na kukuta kama mtu mmoja kati ya watatu yuko chini ya ile 50. Kwa hiyo kusema «Mwafrika ana jua, hahitaji» ni uvivu wa kufikiri. Jua liko nje. Swali ni kama wewe uko nje. Mwanafunzi anayelala mchana na kusoma usiku, mfanyakazi wa ofisi, mama anayejifunika mwili wote, mzee asiyetoka chumbani, hao wanaweza kukosa hata hapa karibu na ikweta. Vilevile wanaokunywa dawa za kifafa kama fenobarbitali na fenitoini, ao rifampisini ya kifua kikuu, kwa sababu dawa hizo zinaharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini. Ila mwenye kifua kikuu asijiongezee mwenyewe: ugonjwa huo wakati mwingine unatengeneza vitamini D yenye nguvu bila ruhusa ya figo na kupandisha kalsiamu. Huyo aongee na munganga kwanza.

Pia tusiitume vitamini D kazi isiyo yake. Wakati wa Korona kila mtu aliinunua. Dar es Salaam walifanya jaribio kubwa, watu wazima 4,000 wenye virusi vya UKIMWI na vitamini D ndogo, waliokuwa wanaanza dawa. Nusu walipewa vitamini D, UI 50,000 kwa wiki kwa mwezi wa kwanza kisha 2,000 kwa siku, nusu walipewa kidonge kisicho na kitu. Matokeo yalitoka 2020: kwa ujumla haikupunguza vifo wala kifua kikuu cha mapafu. Kwa mifupa inasaidia anayepungukiwa. Kwa kila ugonjwa mwingine, aliyekuuzia aonyeshe ushahidi.

Kitu kinachonigusa zaidi kama agronomu ni Nigeria. Kule Jos watoto wenye jua tele walikuwa na rikets. Utafiti uliotoka mwaka 1999 ulionyesha ya kuwa walikuwa wanakula kalsiamu kidogo sana, kama miligramu 200 kwa siku, na waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Nawaza sahani zetu: bugali, mihogo, viazi vya Kibumba, ndizi. Kalsiamu iko wapi? Iko kwenye sambaza zinazoliwa nzima na mifupa yake, na zina vitamini D pia. Samaki hawa waliletwa Ziwa Kivu toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo tunawaona kama wa babu zetu. Iko kwenye maziwa na jibini ya Masisi, kwenye lengalenga, kwenye ndagala. Kwa bei ya boxi moja ya vidonge vya nje unanunua sambaza kavu za kutosha, na hazijazi mtu gesi. Anayekula hivyo na kutembea mchana kidogo, mikono wazi, mara nyingi haoni sababu ya kutafuta kidonge.

Mtoto mchanga ni habari nyingine. Maziwa ya mama ni chakula bora lakini vitamini D ndani yake ni kidogo, na katika nchi nyingi waganga wa watoto wanashauri UI 400 kwa siku kwa anayenyonya. Hatari iko kwenye tone. Kuko chupa ambayo UI 400 ni tone moja, nyingine ni matone kadhaa, na nyingine ya kuagiza kwa intaneti ina UI 10,000 ndani ya tone moja tu. Januari 2021 shirika la dawa la Ufaransa lilitoa onyo ya kuwa watoto wachanga wamepata sumu kwa njia hiyo. Mtoto wa chini ya miezi sita dari yake ni UI 1,000 kwa siku, na hawezi kukuambia tumbo linajaa. Anakataa ziwa, anatapika, anakauka choo, haongezeki uzito. Ndugu yako aliye Ulaya akikutumia chupa, usianze mpaka umesoma tone moja lina ngapi. Kama haikuandikwa, hata kama ni zawadi, iache kabatini.

Kwa wale wawili wengine walioniuliza, jibu lilikuwa rahisi. Mmoja alikuwa na kalsiamu ya kabonati asubuhi na tumbo tupu. Amehamishia mchana pamoja na chakula, ametulia. Mwingine anakunywa UI 1,000 peke yake, lakini kiungulia chake kina miaka miwili, amekwenda kupimwa *pylori*.

Na wewe unayesoma huku umeshika tumbo: ukisimamisha kidonge cha dozi ndogo kwa siku kumi, hakuna mfupa utakaovunjika, ju akiba yako inakaa wiki nyingi. Kama hakuandika munganga, simamisha, angalia. Tumbo likitulia, soma boxi uone kuna nini kingine ndani. Lisipotulia, tafuta sababu nyingine. Lakini ukiwa umekunywa ampuli kubwa zilizofuatana, ao hujui dozi, na una kiu, mkojo mwingi, kutapika ao kichwa kuchanganyikiwa, usingoje hizo siku kumi. Nenda kituo cha afya ao hospitali kuu ya Rutshuru na maboxi yote mkononi, ya vitamini, ya shinikizo, ya tumbo, hata yale matupu, na uombe wapime kwanza kalsiamu ya damu na figo. Kipimo cha vitamini D chenyewe ni cha bei na si kila labo inacho. Cha kalsiamu ndicho kinachoonyesha kama kuna hatari leo.